Mwenyewe Ni Jina la Mtu

Sanduku la leo lina harufu ya ukungu. Mwanamke aliyevaa koti la kazi la buluu analizunguka, analipiga kofi la upole juu ya mfuniko, kisha ndipo anakata kamba.

"Lazima ulisalimie kwanza," anasema. "Limesafiri kuliko mimi na wewe."

Ndani mna vitabu vya katuni vilivyobanana, vingine vipya, vingine vimekunjwa pembe na kumwagiwa chai na watu ambao hatutawajua kamwe. Anachukua cha juu. Hatazami picha kubwa ya jalada wala kichwa cha kitabu. Anapeleka pua kwenye kona ya chini, penye maandishi madogo kuliko yote, na kuyafuata kwa ukucha.

"Huyu namfahamu," anasema, ingawa kwa lugha ya kitabu hicho hajui hata kuomba maji. "Wamemwandika kwa kumsikia tu. Jina limeng'oka meno mawili njiani, lakini ni yeye."

Wenzake wanamwita Bi Viputo. Ana miaka arobaini na saba, na ni mkutubi msaidizi katika maktaba ya vitabu vya katuni iliyo ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha viatu. Siku za joto kuta bado zinatoa harufu ya gundi. Kazi yake ni kupima umaarufu wa watunzi wa katuni duniani kwa kuhesabu lugha ambazo vitabu vyao vimetafsiriwa.

Ukisikia kazi hiyo kwa mara ya kwanza, unaweza kucheka. Mwandishi wa makala haya alicheka, akatazamwa mpaka akanyamaza.

"Huwezi kwenda mlango kwa mlango duniani kuuliza watu wanampenda nani," anaeleza Bi Viputo. "Mauzo nayo yanadanganya, kila muuzaji anasifia chake. Lakini tafsiri ni kazi. Mtu amekaa, mgongo umemuuma, amegombana na neno moja siku nzima ili jirani yake acheke. Hakuna anayejitesa hivyo kwa kitabu asichokipenda. Kwa hiyo sisi tunahesabu lugha."

Lugha moja huhesabiwa mara moja, hata kama kitabu kimechapwa humo mara kumi. Ugumu uko kwenye majina. Mtunzi akivuka mpaka hubadilishwa tahajia, akivuka wa pili hubadilishwa herufi, na akifika wa tatu hata mama yake mzazi hawezi kumtambua jaladani. Bi Viputo hukaa na vipande hivyo na kuviunganisha viwe mtu mmoja.

"Ni kama mama anayeita watoto jioni waje kuoga," anasema. "Mmoja anaitika. Mwingine keshajipa jina jipya huko alikokuwa akicheza, na mpaka ulijue hilo jipya ndipo aje."

Kila mwaka maktaba hutangaza orodha ya watunzi ishirini waliotafsiriwa katika lugha nyingi zaidi, na vitabu vyao huwekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa mbele. Vinakaa humo mwaka mzima. Kwa watu wa fani hii, kabati hilo ni jambo kubwa. Wako watunzi wanaotuma wajukuu wao waje kulipiga picha.

Bi Viputo amefanya kazi hiyo miaka kumi na miwili kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mshahara, anasema, unatosha kodi ya nyumba na ada ya mtoto mmoja, naye ana wawili. Jumamosi huandika mabango ya maduka kwa rangi na brashi. "Wa pili tunamsomesha kwa mabango," anasema. "Akifeli, nitajua nilikosea tahajia."

Mwaka huu alikuwa na mtu aliyetaka aingie kwenye kabati lile kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote kazini. Na alitaka aingie upesi, kabla mtu huyo hajapoteza macho.

Mtu huyo ni mjomba wake.

Mjomba ana miaka sabini na minane. Anaishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, na ndiye aliyemlea Bi Viputo baada ya mama yake kufariki, yeye akiwa na miaka sita. Wakati huo mjomba alikuwa kijana asiye na mke wala sufuria ya pili. Alikuwa na meza moja. Asubuhi ilikuwa ya kulia chakula, na baada ya hapo ikawa ya kuchorea.

Juu ya meza hiyo alizaliwa Shangazi Ngazi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana naye, Shangazi Ngazi ni mwanamke mnene mwenye roho safi na ngazi ndefu. Akisikia mtu ana shida, anakwenda na ngazi yake. Paka amekwama juu, taa imeungua, bwana harusi amefungiwa ghorofani. Shida hiyo ataitatua, tena vizuri. Balaa ni pale anapogeuka kuondoka, maana ngazi iko begani na ncha ya nyuma haioni anaigeuzia nani.

Ngazi hiyo ina kasoro moja katika kila picha: kidato cha tatu kutoka chini hakipo. Hakuna kitabu kinachoeleza sababu. Bi Viputo anaijua, na ana kovu kidevuni.

"Mimi nilianguka kidato cha tatu," hupenda kuwaambia wageni, kisha husubiri wamwonee huruma na kumwambia kwamba elimu haina mwisho. "Si shule, ndugu yangu. Ngazi. Ya nyumbani kwetu. Nilipanda kutafuta mpira, kidato kikakatika, mjomba akanipeleka hospitali mgongoni. Tuliporudi akaichora. Akasema ngazi iliyomwangusha mtoto lazima iadhibiwe, na adhabu yake ni kuchekwa."

Tangu hapo akawa msaidizi wake. Mjomba alichora, na yeye alipokua na mkono ukatulia, akawa anaandika maneno ndani ya viputo, vile viduara vinavyotoka midomoni mwa watu wa katuni. Jina lake la utani lilitoka huko.

Lakini habari yenyewe hasa imo katika jina la mjomba.

"Nilipeleka kitabu cha kwanza kwa mchapaji," anasimulia mzee, akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga. "Mchapaji alikuwa anafunga duka. Ana funguo mkononi. Akaniuliza, picha za nani? Nikamjibu, mwenyewe. Na maneno? Mwenyewe. Akaandika kama alivyosikia. Vitabu vilipotoka nikaona, PICHA NA MANENO: MWENYEWE."

Hakusahihisha?

"Nisahihishe nini? Si ni kweli? Tena ilinifaa. Baba yangu alikuwa hataki kusikia habari za kuchora. Aliniambia mwanamume mzima hachori wanawake wanene. Basi hata angekiokota kitabu njiani, asingejua ni cha nani."

Jina likamkaa. Mtaani wakamwita Mwenyewe, na mpaka leo mtu akibisha hodi na kuuliza kama mwenyewe yupo, hajui ameuliza mara mbili.

Alichora vitabu kumi na vinne. Mchapaji akauza vingine nje, akafunga kazi, akahama, na barua zote zikawa zinakwenda kwenye duka ambalo sasa linauza magodoro. Mzee alijua habari za tafsiri moja tu, ya lugha ya jirani, kwa sababu mfasiri wake alikuwa rafiki yake. Katika hesabu za maktaba, Mwenyewe alikuwa na lugha mbili: yake na hiyo. Mtunzi wa lugha mbili hakaribii hata mlango wa ukumbi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita akaweka kalamu chini. Hakuna aliyemkataza. "Niliona nazungumza peke yangu," anasema.

Mwaka jana mkutubi mmoja alistaafu, na Bi Viputo akakabidhiwa chumba chake cha nyuma. Wafanyakazi wanakiita chumba cha yatima. Huko huwekwa vitabu ambavyo havina jina la mtunzi, au vina jina lisiloeleweka, vinasubiri mtu apate nafasi ya kuvishughulikia. Nafasi yenyewe huwa haipatikani.

Aliingia na kitambaa cha vumbi. Kwenye rafu ya pili akavuta kitabu kilichoandikwa kwa herufi zinazoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Jaladani palikuwa na mwanamke mnene, na begani kwake ngazi isiyo na kidato cha tatu.

"Nilikaa sakafuni," anasema Bi Viputo. "Nikahesabu vidato kwa ukucha. Nikahesabu tena."

Akavuta kingine. Lugha nyingine, na mwanamke mwembamba kidogo maana mchapaji alibana picha, lakini ngazi ni ileile. Akavuta cha tatu. Jina la Shangazi Ngazi lilikuwa limebadilishwa kila mahali, kwa sababu mchezo wa maneno yale hauwezi kuhamia lugha nyingine. Na pale chini, penye jina la mtunzi, kila kitabu kilikuwa na neno moja fupi, kila lugha na lake, wala hayakufanana.

Msafishaji wa maktaba, mama aliyehamia kutoka nchi nyingine, alikuwa anapita na ndoo. Bi Viputo akamwonyesha kitabu cha zile herufi zinazoning'inia, akamuuliza kama anaijua lugha hiyo. Ilikuwa lugha ya kwao.

"Dada, hapa chini pameandikwa nini?"

Msafishaji akasoma. "Hapa? Wamesema 'yeye mwenyewe'. Kwamba aliyechora ndiye aliyeandika. Jina lake hawakuliweka."

Bi Viputo anasema alitaka kumkumbatia, lakini mwenzake alikuwa ameshika ndoo ya maji machafu.

Wafasiri walikuwa wamefanya kazi yao kupita kiasi. Kwenye katuni maandishi yote ni herufi kubwa, hivyo hakuna herufi ya mwanzo ya kukuonyesha kwamba hili ni jina na lile ni neno. Wao waliona PICHA NA MANENO: MWENYEWE, wakatafsiri yote. Wengine wakatafsiri kutoka tafsiri za wenzao. Mzee wa watu akatawanyika duniani chini ya kila neno ambalo binadamu wanalo la kusema "mwenyewe", na wakutubi huko na huku, kila walipofika kwenye neno hilo, wakakipeleka kitabu kwa yatima.

Ungedhani kazi imekwisha hapo. Mkuu wa kitengo, mama mrefu anayevua miwani kila anapotaka kusema jambo zito, aliivua alipoletewa vile vitabu.

"Huyu ni nani kwako?" akauliza.

"Mjomba wangu."

"Basi huwezi kumhesabu. Kesi ya ngedere, hakimu awe nyani?"

Bi Viputo anakiri kwamba alikasirika, na kwamba hasira ilimwisha alipofika kwenye ngazi za jengo. Yeye mwenyewe aliwahi kumkatalia mtu aliyeleta vitabu vya shemeji yake. Akarudi. Mkuu akamwambia, "Sijasema hapana. Nimesema si wewe. Niletee, kwa kila lugha, watu wawili wasiomjua mjomba wako wala wasiojuana. Nitawauliza mimi. Wewe utakaa nje. Na mzee alete picha zake za awali, zile alizochora kwa mkono, aje nazo kwa miguu yake."

Hesabu ya mwaka ilikuwa ifungwe baada ya miezi mitatu. Wiki hiyohiyo, daktari wa macho alimweleza Bi Viputo kwamba presha ya macho ya mjomba imefika mbali. Dawa za matone zitachelewesha tu. Orodha ya mwaka unaofuata ikitoka, mzee huenda akawa anaona mwanga na kivuli, basi.

"Nilifikiria lile kabati la kioo," anasema Bi Viputo. "Kioo hakisomeki kwa vidole. Ama aingie mwaka huu akaone, ama aje asimuliwe. Na mtu aliyeishi kwa picha, kumsimulia picha zake ni kumwonea."

Akaanza kutafuta watu. Alikwenda kwa fundi saa, kwa muuza maua, kwa wanafunzi wa udaktari wanaopanga nyumba moja na kugombania jiko. Alimsubiri dereva wa lori kwenye maegesho siku mbili, kwa sababu aliambiwa dereva huyo ana lugha adimu. Kila mmoja alimwomba jambo moja tu: uje maktaba, usome neno moja, ueleze maana yake.

Yeye akawa anakaa kwenye benchi la ukumbini, mlango umefungwa, mikono mapajani kama mtu anayesubiri matokeo ya ndugu aliyeko chumba cha upasuaji.

Majibu yalikuja na vituko vyake. Katika lugha nyingi lilikuwa "yeye mwenyewe". Katika moja lilikuwa "mwenye mali". Katika nyingine mfasiri alipitiwa, akaandika "mwenye nyumba".

"Mimi?" mzee alisema alipopelekewa habari. "Mimi niliyepanga tangu nizaliwe?"

Katika lugha ya yule dereva, neno lilikuwa limegeuka kidogo likawa "aliye peke yake". Bi Viputo alisita kumwambia. Mzee akapapasa kikombe chake, akasema, "Huyo alinifahamu kidogo."

Tatizo lililobaki lilikuwa mzee. Picha za awali zilikuwepo. Alizitandaza chini ya godoro miaka na miaka, akisema zinamsaidia mgongo. Ila kwenda maktaba hakutaka.

"Shikamoo mjomba," alianza mpwa wake kila Jumapili.

"Marahaba. Siendi."

"Sijasema kitu."

"Umevaa viatu vya kusema kitu." Akaongeza, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwanangu. Niache."

"Mjomba, wewe tembo umeacha kugema miaka kumi na mmoja. Hayo maji utayatia wapi?"

Alicheka, lakini hakwenda. Mpwa wake anasema sasa anamwelewa. Mtu akishajizoeza kwamba hakuna anayemsikiliza, habari njema humtisha, kwa sababu ikija kuwa ya uongo itabidi ajizoeze upya.

Kilichombadilisha kilitokea kliniki ya macho, kwenye benchi la kusubiri.

Bi Viputo alikuwa amechukua nakala ya kitabu kimoja, cha lugha inayoandikwa kutoka kulia, aitumie akipata msomaji. Pembeni yao alikaa dada mmoja aliyemleta mama yake, mama mwenye bandeji jicho moja. Dada akaona jalada, akaomba kukishika. Akasoma. Baada ya kurasa chache akaziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kikapita puani.

Mzee akageuza kichwa. "Kacheka wapi?"

"Ukurasa wa fundi vioo," Bi Viputo akamnong'oneza. "Shangazi yuko mlangoni."

"Ameshageuka?"

"Bado. Ndiyo anataka kugeuka."

Mzee akamshika mpwa wake mkono. "Hapo hapo," akasema. "Nilikaa wiki nzima na ukurasa ule. Kila mtu anaweza kumchekesha mtu vioo vikishavunjika. Mimi nilitaka acheke kabla."

Kisha akasema, "Muulize, hapo chini wameandika nani."

Dada akatazama kona ya jalada. "Wameandika 'mwenyewe'," akasema.

"Mwenyewe ndiye huyu," Bi Viputo akamwambia.

Ilichukua muda dada yule kuelewa. Alipoelewa alisimama, akamwinamia mzee kwa heshima, akamweleza mama yake kwa lugha yao. Yule mama mwenye bandeji akasikiliza, naye akaanza kucheka taratibu, mkono kifuani, kwa sababu kumbe ndiye aliyekuwa akiwasomea wanawe kitabu hicho walipokuwa wadogo. Akauliza kitu. Binti akatafsiri.

"Mama anauliza, kidato cha tatu kilipotelea wapi?"

Bi Viputo akainua kidevu, akawaonyesha kovu. Benchi zima likacheka, pamoja na watu ambao hawakujua wanacheka nini.

Walipofika nyumbani, mzee hakuomba chai. Aliomba godoro liinuliwe.

Maktabani alikwenda kwa miguu yake, picha amezifunga ndani ya shuka. Mkuu wa kitengo alimpa karatasi na kalamu nene, akamwomba achore ngazi. Mzee akachora bila kuinamia karatasi, vijiti viwili virefu, kisha vidato, kimoja, viwili, akaruka, akaendelea. Mkuu akaiweka karatasi ile juu ya mchoro uliochorwa kabla Bi Viputo hajamaliza shule ya msingi. Zililingana hata pale mstari unapopinda. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi, na safari hii hakusema jambo zito. Alisema tu, "Mzee, nilikuwa na kitabu chako kitandani kwetu, na sikujua kina mwenyewe."

"Kilikuwa naye," mzee akajibu. "Aliandikwa jaladani."

Orodha ilitoka mwezi uliopita. Mwenyewe ana lugha ishirini na sita, na ni wa kumi na nne duniani kwa mizani ya maktaba hii. Lugha nyingine tano zimebaki kwa yatima mpaka mashahidi wapatikane. Bi Viputo anazifuatilia. "Kuna moja nasikia wasemaji wake wawili wanaishi mji huu," anasema, "ila hawasemeshani. Nitawapatanisha kwanza."

Siku ya ufunguzi mzee alisogea kwenye kabati mpaka pua ikagusa kioo. Pumzi yake ikakitia ukungu, akakifuta kwa mkono wa shati, ikakitia tena. Alikwenda hivyo kitabu kwa kitabu, majalada ishirini na sita, watu wakimpisha. Alipofika mwisho alisema, "Nimeviona," na mpwa wake akatoka nje kidogo, kwa sababu, anasema bila aibu, alikuwa analia na hakutaka kulia juu ya kioo.

Kulikuwa na kasoro moja. Mtengeneza vibao alichapa jina kwa herufi kubwa, kama yalivyo mengine, na asubuhi hiyohiyo mgeni mmoja akamwendea mlinzi.

"Samahani, hivi vitabu ni vya nani?"

"Vya Mwenyewe."

"Ndiyo, nauliza, mwenyewe ni nani?"

"Ndiye huyo."

Waliendelea hivyo mpaka Bi Viputo akaitwa. Alikwenda kuleta brashi yake ya mabango, akaandika chini ya kibao kwa mkono wake uliotulia: Mwenyewe ni jina la mtu.

Sasa, jioni akitoka kazini, haendi kwake moja kwa moja. Anapita nyuma ya karakana ya baiskeli. Meza ileile imesogezwa dirishani, na juu yake pana karatasi kubwa, migongo ya kalenda za zamani wanazopewa na mwenye karakana. Mzee anachora tena. Anatumia brashi nene ya rangi na watu wake sasa wana urefu wa mkono mzima, kwa sababu mstari mwembamba haumfikii tena. Herufi hazimfikii kabisa. Viputo anaviacha wazi, na mpwa wake anavijaza kama zamani.

Kitabu cha kumi na tano kinamhusu Shangazi Ngazi akisafiri duniani kutafuta kidato chake cha tatu. Kila anakofika anasaidiwa kwa lugha ya huko, na kila anapogeuka kushukuru, basi tena. Wamemaliza kurasa tisa. Mpango wao ni kukimaliza macho ya mzee yakiwa bado yanaweza kuona jalada lake, na daktari, ambaye naye siku hizi huuliza hadithi imefika wapi, hasemi kwamba haiwezekani.

Jalada lenyewe limekwisha kuandikwa. Tulidhani safari hii mzee ataweka jina lake la kuzaliwa, baada ya yote yaliyompata. Hakuweka. Pale chini, kwa herufi kubwa, pameandikwa PICHA: MWENYEWE. MANENO: MPWA.

Mkuu wa kitengo alipoonyeshwa alishika kichwa. Bi Viputo anacheka akikumbuka. "Aliniambia, unajua ni lugha ngapi duniani hazina hata neno la mpwa? Wataandika binamu, wataandika jamaa, wataandika mtoto wa dada mtu. Nikamwambia wataandika, na mimi nimeambiwa mkataba wangu unaongezwa. Nitakuwepo kuwapokea."

Anataka kueleza zaidi hapa nje ya karakana, lakini kutoka dirishani sauti ya mzee inamkatiza.

"Mpwa, waache watu wa magazeti. Njoo uandike upesi, Shangazi anataka kugeuka."